Kompyuta Inayowaka Bila Kuamka: Somo juu ya Kianzishi cha Linux

Kompyuta inapowashwa asubuhi katika maabara ya shule, mara nyingine hutokea kwamba taa zake zawaka na feni yazunguka, lakini badala ya picha iliyozoeleka huonekana kioo cheusi chenye maneno machache ya Kiingereza na alama inayopepesa, kana kwamba mashine inangoja kuambiwa jambo. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo: diski imekufa, mfumo umefutika, kila kitu kipakiwe upya. Fundi huitwa, huja na flashi yake, hufanya kile ambacho mitaani huitwa "kupiga Windows", na baada ya saa moja kompyuta huamka ikiwa safi kabisa. Usafi huo ndio msiba wenyewe. Pamoja na ubovu huwa zimefutwa pia alama za mihula iliyopita, mitihani iliyotungwa na walimu, na kazi za wanafunzi ambazo hazikuwa na nakala mahali pengine.

Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Katika kompyuta zinazoendeshwa na Linux, hali ya namna hiyo mara nyingi hutokana na kasoro katika programu ndogo itakayoitwa hapa kianzishi, yaani ile inayoupakia mfumo endeshi kutoka katika diski na kuukabidhi uongozi wa mashine. Kinachokosekana huenda ni baiti mia chache tu, au anwani moja iliyopitwa na wakati, na mafaili yenyewe yamelala salama mahali pake. Mwenye kuelewa hatua ambazo kompyuta huzipitia tangu kuwashwa hadi kuamka ataweza kutambua ni hatua ipi iliyoshindikana, na kuitengeneza hiyo peke yake bila kugusa nyingine.

Fumbo la mwanzo

Prosesa haijui kazi yoyote ila kufuata maagizo yaliyomo katika kumbukumbu. Nayo kumbukumbu kuu ya kompyuta husahau kila kitu umeme unapokatika. Mfumo endeshi umehifadhiwa katika diski, lakini kusoma diski ni kazi inayohitaji programu, na programu hiyo nayo imo katika diski hiyo hiyo. Ni sawa na mtu aliyefungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku lenyewe.

Katika kompyuta za zamani fumbo hili lilifumbuliwa kwa vidole. Mashine kama PDP-8 ya mwaka 1965, na hata Altair 8800 ya mwaka 1975, zilikuwa na safu ya swichi mbele yake. Mwendeshaji aliingiza maagizo machache ya kwanza kwa mkono, swichi juu kwa tarakimu 1 na chini kwa tarakimu 0, agizo baada ya agizo. Maagizo hayo yalitosha tu kuifundisha mashine kusoma utepe wa karatasi wenye matundu. Utepe ndio uliobeba programu kubwa zaidi. Wasemaji wa Kiingereza walilifananisha jambo hili na mtu ajaribuye kujiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe, na kutokana na mfano huo likatokea neno "boot" ambalo wanafunzi hulikuta kila mahali katika vitabu vya kompyuta.

Siku hizi mahali pa swichi zile pamechukuliwa na chipu iliyoko katika bodi kuu ya kompyuta, yenye programu isiyofutika umeme ukizimwa. Katika kompyuta za zamani kidogo programu hiyo huitwa BIOS, na katika zile za karibuni UEFI. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa, nayo itaelezwa mbele.

Mbio za kupokezana kijiti

Kuamka kwa kompyuta kunafanana na mbio za kupokezana kijiti. Mkimbiaji wa kwanza hawezi kufika mwisho wa uwanja. Kazi yake ni kumfikia wa pili tu. Wa pili anamjua wa tatu, wala hana habari na wa nne. Katika kompyuta yenye BIOS, BIOS hukagua kumbukumbu na vifaa, kisha hupakia sekta ya kwanza kabisa ya diski na kuikabidhi uongozi. Maagizo yaliyomo katika sekta hiyo hupakia sehemu ya pili ya kianzishi. Hiyo hutafuta folda yenye mafaili mengine ya kianzishi, huonyesha menyu, hupakia kiini cha Linux pamoja na faili la kukisaidia liitwalo initrd, kisha hujiondoa. Kiini nacho hutafuta sehemu ya diski yenye mfumo wote, huiunganisha, na kuanzisha programu ya kwanza ambayo hupewa nambari 1. Kuanzia hapo kompyuta imeamka.

Kijiti kinapoanguka, huanguka mahali fulani mahususi. Walioko mbele ya mahali hapo hawana kosa. Wako katika nafasi zao wakingoja. Kuwafukuza uwanjani wakimbiaji wote kwa sababu mmoja amekosea njia ni kazi bure, na ndivyo afanyavyo fundi anayefuta diski nzima.

Baiti 446

Sekta ile ya kwanza yastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu katika udogo wake mna hesabu nyingi za kuvutia. Ina baiti 512. Kati ya hizo, 446 za mwanzo ni maagizo ya kianzishi. 64 zinazofuata ni jedwali linaloonyesha jinsi diski ilivyogawanywa. Na 2 za mwisho ni alama ya utambulisho ambayo kwa hesabu ya kizio cha 16 huandikwa 55 AA. BIOS isipoiona alama hiyo, kwa kawaida hukataa kuiamini sekta hiyo.

Jedwali lina nafasi nne, kila moja baiti 16, na ndiyo sababu diski zilizogawanywa kwa utaratibu huu haziwezi kuwa na zaidi ya sehemu kuu nne. Katika kila nafasi, baiti 4 zimetengwa kuandika idadi ya sekta. Baiti 4 ni biti 32, hivyo idadi kubwa kabisa inayoweza kuandikwa haifiki 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Ikizidishwa kwa baiti 512 za kila sekta, hupatikana 2,199,023,255,552. Kwa hiyo diski yenye sekta za ukubwa huo, ikizidi baiti trilioni 2.2 hivi, haiwezi kuelezwa yote na jedwali hili. Utaratibu mpya uitwao GPT ulibuniwa pamoja na mambo mengine ili kuondoa kizuizi hicho.

Maagizo yanayoweza kuenea katika baiti 446 ni machache mno. Ibara iliyotangulia hii, ikiandikwa katika kompyuta kwa baiti moja kila herufi, isingeenea humo.

LILO na herufi zake nne

Linux ilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Kianzishi kilichotumiwa sana katika miaka ya 1990 kiliitwa LILO, nacho kilitungwa na Werner Almesberger. LILO ilikuwa na desturi moja njema: iliandika jina lake kwenye kioo herufi moja moja, kila herufi baada ya hatua fulani kukamilika. Ikionekana L peke yake, sehemu ya kwanza imeanza kazi lakini imeshindwa kuipakia ya pili. Ikionekana LI, sehemu ya pili imepakiwa lakini haikuweza kuanza. LIL maana yake ni kwamba sehemu ya pili imeanza, ila haikuweza kusoma jedwali lake la mahali mafaili yalipo. LILO kamili ilikuwa ishara ya heri. Ni nadra kukuta ujumbe wa kompyuta unaosema ukweli mwingi kiasi hicho kwa herufi nne.

Udhaifu wa LILO ulikuwa katika kumbukumbu yake. Haikujua kusoma majina ya mafaili. Ilikariri nambari za sekta ambamo kiini kiliandikwa, kama mgeni aelekezwaye "nyumba ya tatu baada ya mwembe". Mwembe ukikatwa, mgeni amepotea. Kiini kipya kilipoingizwa katika diski ilikuwa lazima amri ya lilo itolewe tena ili nambari zikaririwe upya, na aliyesahau alikuta kompyuta haiamki. Uendelezaji wa LILO ulikoma mwaka 2015.

Kianzishi kinachotumiwa zaidi leo ni GRUB, ambacho kilianzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995 na kuingizwa katika mradi wa GNU mwaka 1999. GRUB 2, ambayo ndiyo itumikayo sasa, ilifikia toleo 2.00 mwaka 2012. GRUB inajua kusoma utaratibu wa mafaili. Ikiambiwa jina la faili na folda yake, hulitafuta yenyewe. Lakini elimu ina uzito wake: programu yenye maarifa hayo haienei katika baiti 446. Kwa hiyo mwili wa GRUB umegawanywa katika mafungu matatu. La kwanza limo katika sekta ya kwanza. La pili huwekwa katika nafasi iliyo wazi kati ya sekta hiyo na sehemu ya kwanza ya diski; zamani nafasi hiyo ilikuwa sekta 62, yaani baiti 31,744 tu, na siku hizi hukaribia baiti milioni moja. La tatu, ambalo ndilo kubwa, limo katika folda ya /boot/grub ndani ya Linux yenyewe. Makabidhiano kati ya fungu la pili na la tatu ndipo mahali ambapo kijiti huanguka mara nyingi.

Kusoma maneno ya kioo

Mwalimu au mwanafunzi anayekutana na kompyuta isiyoamka aanze kwa kunakili kwenye karatasi maneno yote yaliyoonekana, bila kuacha hata nukta. Hatua hii hudharauliwa, ilhali ndiyo yenye manufaa kuliko zote.

Maneno kama "No bootable device" au "Operating system not found" hutolewa na BIOS au UEFI, si na GRUB. Maana yake ni kwamba mkimbiaji wa kwanza hakumwona wa pili kabisa. Yafaa kwanza iangaliwe kama kuna flashi iliyosahauliwa katika kompyuta, kama waya wa diski umelegea, na kama diski inaorodheshwa katika menyu ya BIOS. Ikiwa diski haionekani humo, au inatoa mlio wa kugongagonga, basi huenda ni ugonjwa wa chombo chenyewe. Hapo kompyuta isiwashwe na kuzimwa mara kwa mara. Kinachotakiwa ni kunakili mafaili mapema iwezekanavyo.

Maneno "grub rescue>" yana habari njema ndani yake. Diski inasomeka, sekta ya kwanza ni nzima, fungu la pili la GRUB linafanya kazi. Ila halikuiona folda ya fungu la tatu. Maneno "grub>" peke yake yanaonyesha hatua moja zaidi: GRUB yote imepakiwa, lakini faili la menyu, grub.cfg, halikupatikana au halina kitu.

Ikiwa menyu ilionekana, kiini kikachaguliwa, kisha yakatokea maneno "Kernel panic" na "Unable to mount root fs", kianzishi hakina lawama. Kimekwisha kukabidhi kijiti. Mara nyingi faili la initrd la kiini hicho halikuundwa vizuri, kwa mfano kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kusasisha mfumo, au diski ilikuwa imejaa. Dawa ya haraka ni kurudi katika menyu, kufungua "Advanced options", na kuchagua kiini cha zamani, kisha kuunda initrd upya.

Mfano wa ukarabati

Tuseme kompyuta yenye BIOS ina Windows katika sehemu ya 1, ghala la mafaili katika sehemu ya 5, na Linux katika sehemu ya 6. Mtumiaji, akiwa ndani ya Windows, anaifuta sehemu ya 5 ili apate nafasi. Kwa utaratibu wa jedwali la zamani, sehemu za ziada huhesabiwa kwa mfululizo kuanzia 5. Ya tano ikiondoka, ya sita huitwa ya tano. Hakuna hata baiti moja ya Linux iliyohamishwa. Lakini GRUB ilikuwa imeandikiwa kwamba folda yake imo katika sehemu ya 6. Siku inayofuata kioo huandika:

error: no such partition.
Entering rescue mode...
grub rescue>

Hatua ya kwanza ni kuuliza kuna sehemu zipi, kwa amri hii:

ls

Jibu laweza kuwa hivi: (hd0) (hd0,msdos5) (hd0,msdos1). GRUB huhesabu diski kuanzia 0, lakini sehemu za diski kuanzia 1, jambo linalowachanganya wengi. Kisha kila sehemu huchunguzwa:

ls (hd0,msdos1)/
ls (hd0,msdos5)/

Ya kwanza hujibiwa "unknown filesystem", kwa sababu GRUB katika hali hii ya dharura imebeba maarifa machache na haijui kusoma mafaili ya Windows. Jibu hilo lisimtishe mtu. Halina maana kwamba Windows imeharibika. Ya pili huonyesha majina kama boot, etc na home, na hapo Linux imepatikana. GRUB huelekezwa upya:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal

Menyu iliyozoeleka hutokea na kompyuta huamka. Hata hivyo, kazi haijakwisha. Maelekezo hayo yameandikwa katika kumbukumbu kuu tu, nayo yatatoweka kompyuta ikizimwa. Baada ya kuingia katika Linux, anwani mpya iandikwe katika diski:

sudo grub-install /dev/sda
sudo update-grub

Amri ya pili ni ya Debian, Ubuntu na jamaa zake. Katika Fedora folda huitwa grub2, na menyu huundwa kwa amri ya grub2-mkconfig. Katika amri ya kwanza iandikwe jina la diski nzima, /dev/sda, wala si la sehemu yake kama /dev/sda5. Kabla ya kuiandika, amri ya lsblk itolewe ili kuhakikisha kwamba sda ndiyo diski inayokusudiwa na si flashi ya mtu.

Iwapo hata "grub rescue>" haionekani, kompyuta huwashwa kwa flashi yenye Linux inayoweza kuendeshwa bila kuingizwa katika diski. Linux ya flashi hufungua sehemu ya diski kama kabati, na mwenye shaka ataona kwa macho kwamba mafaili yake yapo. Ayanakili kwanza kabla ya jambo lolote lingine. Kisha, kwa mfano uliotolewa:

sudo mount /dev/sda5 /mnt
sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sda

Ikiwa diski ilifungwa kwa maandishi ya siri, hapana njia ya kuisoma bila neno la siri, na mafaili hayataonekana mpaka litolewe.

UEFI, na tukio la mwaka 2024

Kompyuta zenye UEFI hazitegemei baiti 446. UEFI yenyewe inajua kusoma sehemu ndogo ya diski iliyotengenezwa kwa utaratibu wa FAT, na ndani yake kianzishi ni faili la kawaida lenye jina, kama vile grubx64.efi. Katika bodi kuu kuna orodha ya majina ya vianzishi na mpangilio wa kutangulia. Kwa hiyo Linux "inapotoweka" katika kompyuta ya namna hii na Windows kuingia moja kwa moja, yamkini hakuna kilichofutwa. Mpangilio wa orodha tu ndio uliobadilika. Amri ya efibootmgr huonyesha orodha hiyo. Ikiwa Linux ina nambari 0003 na Windows 0000, mpangilio hurekebishwa hivi:

sudo efibootmgr -o 0003,0000

Au, kwa njia rahisi zaidi, hurekebishwa katika menyu ya UEFI bila amri yoyote.

UEFI ina pia ulinzi uitwao Secure Boot, ambao hukataa kumkabidhi kijiti mkimbiaji asiye na kitambulisho kilichotiwa sahihi. Ulinzi huu una maana, kwa kuwa programu mbaya ikiingia kabla ya mfumo endeshi haiwezi kuonwa na mfumo huo kwa urahisi. Lakini vitambulisho vinaweza kufutwa. Mwezi Agosti 2024 kampuni ya Microsoft ilitoa masasisho ya Windows ambayo, pamoja na mengine, yalizuia vianzishi vya zamani vya Linux vilivyojulikana kuwa na kasoro ya usalama. Yalikusudiwa yasiguse kompyuta zenye Windows na Linux kwa pamoja, lakini katika baadhi ya kompyuta hizo hayakuitambua Linux iliyomo. Watumiaji wakawasha mashine na kukuta maneno "SBAT self-check failed: Security Policy Violation", kisha mashine ikazimika. Hapakuwa na faili la Linux lililoharibika. Njia iliyotumiwa ilikuwa kuzima Secure Boot kwa muda katika menyu ya UEFI, kuingia katika Linux, kuisasisha, kisha kuuwasha ulinzi tena. Aliyekimbilia kufuta diski katika mwezi ule alifuta mafaili mazima kwa ajili ya kitambulisho kilichobatilishwa.

Kuipanga menyu

Kosa linalorudiwa sana ni kulihariri faili la grub.cfg kwa mkono. Faili hilo huandikwa na programu, na kila kiini kipya kinapoingia huandikwa upya, na mabadiliko ya mtu hupotea. Mahali halali pa kuandika ni faili la /etc/default/grub. Humo GRUB_TIMEOUT=5 ni sekunde za kungoja, na GRUB_DEFAULT=0 ni jina la menyu litakalochaguliwa mtumiaji asipogusa kitu, hesabu ikianzia 0. Katika mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT huwamo neno quiet, ambalo huficha ujumbe wa kiini wakati wa kuamka. Kwa maabara ya shule yafaa liondolewe: wanafunzi wataona kila hatua ikipita, na siku ya ubovu ujumbe utakuwa wazi mbele yao. Baada ya kuhariri, amri ya sudo update-grub ndiyo huyatia mabadiliko hayo katika menyu.

Wengine hushangaa kwamba Windows haionekani katika menyu ingawa imo katika diski. Tangu toleo 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka iruhusiwe kwa mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false.

Kwa majaribio ya muda, herufi e ikibonyezwa juu ya jina katika menyu hufungua mistari yake ihaririwe, na Ctrl pamoja na X huianzisha. Yaliyohaririwa hapo hayaandikwi katika diski. Urahisi huo ni hatari pia, kwa kuwa mtu yeyote aliyekaa mbele ya kompyuta aweza kuutumia kuingia kama msimamizi bila neno la siri. GRUB ina neno lake la siri kwa ajili ya hilo. Hata ulinzi huo uliwahi kuwa na tundu la kuchekesha: mwezi Desemba 2015 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Valencia, Hispania, walionyesha kwamba kubonyeza kitufe cha kufutia mara 28 mahali pa kuandikia jina kulitosha kuukwepa. Tundu hilo lilizibwa.

Jaribio la darasani

Jaribio hili lifanywe katika kompyuta ya kuigiza, kama ile inayotengenezwa na programu ya VirtualBox, iliyowekwa kutumia BIOS na kuingizwa Linux. Lisifanywe kamwe katika kompyuta yenye kazi za watu. Kwanza sekta ya kwanza inakiliwe na kutazamwa:

sudo dd if=/dev/sda of=sekta0.bin bs=512 count=1
hexdump -C sekta0.bin

Katika safu ya kulia wanafunzi watafute neno GRUB, ambalo limeandikwa ndani ya baiti 446 zile. Katika mstari wa mwisho wa tarakimu watafute 55 aa. Jedwali la sehemu za diski linaanzia nafasi ya 1be; wanafunzi waigeuze nambari hiyo kuwa ya kizio cha 10 na kuona kama inalingana na maelezo yaliyotangulia.

Kisha kianzishi kifutwe kwa makusudi:

sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sda bs=446 count=1

Kompyuta ya kuigiza ikizimwa na kuwashwa, itabaki kimya. Darasa liiwashe kwa nakala ya Linux isiyohitaji diski, liifungue sehemu yenye mfumo, na kuhesabu mafaili yaliyopotea. Kianzishi kirudishwe kwa grub-install kama ilivyoelezwa. Baada ya kompyuta kuamka, wanafunzi wajibu kwa maandishi: kwa nini katika amri ya kufuta iliandikwa 446 badala ya 512, na ni nini kingetokea wakati wa kuifungua diski lau zile baiti 66 za mwisho zingefutwa pia?